Kuunganisha Ua: Jinsi ya Kuanzisha Makazi ya Ujirani Hapo Hapo Mtaani Kwenu

Kila mgeni anayeingia uani kwetu akakiona kijimlango cha mbao katikati ya ukuta wa jirani huuliza maswali yale yale. Mmeunganisha hati? Umeme analipa nani? Mpangaji akihama inakuwaje? Na mumeo alikubali? Nimeyajibu nikiwa na ndoo mkononi, nimeyajibu msibani, nimeyajibu kwa simu saa nne usiku. Nimeona niyaandike mara moja, kwa mpangilio, ili anayetaka kuanza aanze.

Makazi ya ujirani ni hivi: kila kaya inabaki na nyumba yake, mlango wake, jiko lake na karatasi zake za kiwanja. Lakini kaya mbili, tatu au tano zinazopakana hufungua kuta zilizopo kati yao na kutumia pamoja vitu vichache: maji, ua, mlinzi, mlo mmoja kwa wiki. Denmark walianza kwa kujenga upya. Makazi ya Sættedammen yalikamilika mwaka 1972, familia 27 kwenye kiwanja kimoja. Wengi wetu hatuna kiwanja kitupu wala fedha za kujenga upya. Njia inayotufaa ni ya mji wa Davis, California, ambako mwaka 1986, kwenye barabara ya N Street, nyumba mbili zilizokuwepo tayari ziliondoa uzio kati yao. Wengine walijiunga polepole, nyumba moja baada ya nyingine, hadi zikakaribia 20.

Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Aliyekulia kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ua mmoja, anajua kula kwa jirani na kuanua nguo za mwenzake mvua ikianza. Lamu, ndugu waliokaa nyumba mbili zilizotenganishwa na uchochoro walijenga wikio, daraja la juu kwa juu linalounganisha ghorofa zao, huku mlango wa chini wa kila nyumba ukibaki wa mwenyewe. Kilichotutenganisha ni kuta tu. Tulizijenga sisi wenyewe tulipoanza kuhamia viwanja vya kupimwa.

Ninayoyaandika ni ya Dar es Salaam, kwenye viwanja vidogo, nyumba nne, watu 19. Ukiwa Mwanza au Mombasa, badilisha majina ya ofisi. Kazi yenyewe ni ile ile.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nyumba mbili zinazopakana. Mbili zinatosha. Usisubiri mtaa mzima.
- Watu wazima wote wa kila nyumba wawe wamesikia habari hii kwa masikio yao, si kwa kuambiwa na mwenza. Mke, mume, bibi anayeishi chumba cha nyuma, na mpangaji pia.
- Kaunta buku moja mpya na kalamu. Usiandike kwenye simu peke yake.
- Nakala ya karatasi za kila kiwanja: hati miliki, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa.
- Tepu ya kupimia.
- Miezi sita ya subira kabla ya kugusa tofali hata moja.

Fedha sikuziweka kwenye orodha kwa makusudi. Miezi mitatu ya mwanzo haihitaji mchango wowote zaidi ya bei ya chakula mnachokula.

Hatua ya 1: Piga hodi, nyumba moja moja

Usiitishe mkutano. Mkutano wa kwanza mtaani huwa na wasemaji wawili na wasikilizaji kumi wanaotikisa vichwa, kisha kila mmoja anakwenda kusema ukweli wake nyumbani. Nenda kwa jirani jioni, shikamoo yako ikitangulia kama ni mkubwa, kaa, kunywa chai, halafu uliza maswali matatu tu. Ni kitu gani unakilipia kila mwezi ambacho nami nakilipia? Ni kitu gani kinakusumbua hapa kwetu? Na ni kitu gani hutaki kabisa kushirikiana na mtu?

Swali la tatu ndilo litakalokuokoa. Jirani yetu fundi seremala alijibu bila kusita: "Vifaa vyangu vya kazi." Mama wa nyumba ya kona alisema televisheni na choo. Yaandike majibu haya kwenye kaunta buku vile vile yalivyosemwa. Miaka sita baadaye randa za fundi bado hazijaguswa na mtu, na ndiyo sababu mojawapo bado yupo nasi.

Mzee atakuuliza kama unarudisha vijiji vya ujamaa. Usimpuuze. Watu wa umri wake waliishi Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, na wengine walihamishwa bila kuulizwa. Mjibu wazi: hapa hakuna anayehama, hakuna anayelazimishwa, na mali ya mtu inabaki yake.

Hatua ya 2: Choreni ramani ya viwanja vyenu

Chukueni kalenda ya zamani, geuzeni nyuma, mchore viwanja vyote kwa pamoja kama vile kuta hazipo. Wekeni alama kwenye makaro, mabomba, mita za maji, nguzo za umeme, miti, na mahali maji ya masika yanapopita. Pimeni kwa tepu, msikisie.

Mtaona mambo mawili. La kwanza ni nafasi iliyokufa. Kati ya kuta zetu mbili za nyuma kulikuwa na kichochoro cha upana wa mita moja na ushee, urefu wa mita 18, kimejaa matofali mabovu na panya. Kila nyumba iliamini ni cha mwenzake. La pili ni kwamba baadhi ya mambo hayawezekani kwenye kiwanja kimoja lakini yanawezekana kwenye vinne. Kanuni inayotumika sana ni kisima kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye karo au choo cha shimo. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, hata ukipima pembe hadi pembe, ni mita 28 na kitu. Maana yake peke yako huwezi kuifikia mita 30, fanya utakavyofanya. Viwanja vinne vikitazamwa pamoja, pengine patapatikana mahali.

Tahadhari: hapo hapo tafuteni bikoni za viwanja, yale mawe ya mipaka. Msifukue, msisogeze. Mkigundua ukuta umeingia kwa jirani nusu mita, na huwa inatokea, andikeni kwamba mmeona na mmekubaliana kuuacha ulivyo au kuurekebisha. Jambo hilo likikaa kimya litaibuka siku ya mirathi.

Hatua ya 3: Anzeni na sufuria

Chagueni siku moja kwa wiki. Sisi ni Jumatano. Nyumba moja inapika kwa wote, zamu inazunguka. Kwa nyumba nne hesabu yake ni tamu: ukipika Jumatano moja, Jumatano tatu zinazofuata unakuta chakula tayari. Mwambie hivyo mama aliyechoka na kazi, usimwambie habari za mshikamano.

Utaratibu unaotufaa ni huu:

a) Mchango ni kwa kichwa, mtoto wa chini ya miaka 12 nusu. Unalipwa Jumanne jioni, unaandikwa kwenye kaunta buku.

b) Miezi mitatu ya kwanza hakuna pilau. Ni makande, wali na maharage, ugali na dagaa, ndizi. Nyumba ya kwanza ikipika pilau la nyama, ya pili itaona aibu kupika makande, ya tatu itakopa, ya nne itajitoa. Tumeliona kwa macho yetu, tukarudi kuanza upya.

c) Sufuria la pamoja halipikiwi nguruwe, na nyama inanunuliwa iliyochinjwa kihalali, ili kila mtu aweze kula bila kuuliza. Ramadhani mlo unahamia saa ya futari. Ambao hawajafunga wanangoja adhana. Haijawahi kuwa taabu. Kwaresma nayo ina siku zake za kutokula nyama, ziandikeni mapema.

d) Zamu ni ya nyumba, si ya mama. Tulipoanza, wanaume wanne walikaa kwenye benchi chini ya mwembe wakisifu ujirani, na wanawake wanne wakaosha sufuria hadi saa nne usiku. Mwezi wa pili niliandika kwenye kaunta buku: kila zamu lazima iwe na mwanamume mmoja jikoni na mmoja kwenye kuosha. Mume wangu alianza kwa kuunguza ugali wa watu 19. Sasa makande yake ndiyo watoto wanayoulizia.

Kulikuwa na jioni moja, umeme umekatika, tukala kwa taa ya kandili. Mtoto wa nyumba ya kona, wa miaka minne, alikuwa anazunguka na sahani yake, akachota tonge kwa huyu, akaegemea goti la yule, hadi akalala kwenye mapaja ya bibi ambaye wiki nane kabla hakuwa akilijua jina lake. Hapo nilijua tunaweza kwenda hatua inayofuata. Nanyi tafuteni dalili yenu. Kama baada ya miezi mitatu watu bado wanabeba chakula kwenye hotipoti kwenda kula ndani, bado hamjafika. Endeleeni na sufuria.

Hatua ya 4: Wekeni mlango kabla ya kubomoa ukuta

Kila anayeanza anataka kuvunja ukuta wote kwa shangwe. Msifanye hivyo. Wekeni kijimlango kimoja chenye komeo pande zote mbili. Mlango unafungwa mkikasirikiana na kufunguliwa mkipatana. Ukuta uliovunjwa hauna namna hiyo.

Kazi yenyewe iendeshwe hivi:

a) Chagueni sehemu iliyo kando ya nguzo iliyopo ya ukuta, mbali na bomba na waya.

b) Pimeni upana wa sentimita 90 au zaidi. Mlango mwembamba unatosha ndoo, lakini siku itakuja mtakapotaka kupitisha kiti cha magurudumu, kitanda cha mgonjwa, au jeneza.

c) Kata tofali kutoka juu hadi chini, wima. Ukuta wa uani kwa kawaida hauna lenta, ule mkanda wa zege unaobeba matofali ya juu, kwa hiyo usitoboe tundu katikati ukaacha matofali yananing'inia juu.

d) Upande usio na nguzo, jengeni nguzo mpya: msingi, nondo nne, zege. Mwagilieni maji kwa siku saba kabla ya kufunga fremu.

e) Fungeni bawaba tatu, si mbili, kwa sababu mlango huu utapigwa na watoto kutwa nzima.

Onyo kubwa: ukuta mrefu uliokatwa bila kujengewa nguzo husimama vizuri kiangazi chote, kisha huanguka masika udongo ukilegea. Watoto hucheza chini ya kuta hizo. Fundi akikuambia "hauna shida, mama, unashika", mwombe aonyeshe nguzo iko wapi.

Gharama gaweni sawasawa hata kama ukuta ulijengwa na mmoja. Na kama ukuta unatazama barabara au unabeba jengo, ulizeni kwanza kuhusu kibali cha ujenzi kwenye halmashauri yenu.

Hatua ya 5: Kitu cha kwanza chenye pesa kiwe maji

Karibu kila nyumba mtaani ina simtanki yake, pampu yake na hasira yake mgao ukianza. Kwa hiyo hapa ndipo mnapookoa fedha ya kuonekana. Tulianza na tanki moja la lita 5,000 lililoinuliwa juu ya mnara, likijazwa na maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanapotoka, kila nyumba ikiwa na mita yake ndogo kwenye bomba lake. Mita ndogo ni lazima. Kugawa ankara "kwa uaminifu" kunadumu hadi nyumba mojawapo ipate wageni wa harusi.

Mkitaka kuchimba kisima, msianze na mchimbaji. Anzeni na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kwa ajili ya vibali, ulizeni majirani wenye visima maji yao yana chumvi kiasi gani, na mkishachimba yapelekeni maji kupimwa kabla mtu hajayanywa. Maeneo mengi ya Dar es Salaam yaliyo karibu na bahari yana maji ya chumvi. Hayo yatafaa kuogea na kufulia tu, na yatakula mabomba ya chuma.

Sasa umeme wa pampu. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Pampu ya hosipawa moja inakula karibu uniti moja kwa saa. Ikifanya kazi saa mbili kwa siku, ni uniti 60 hivi kwa mwezi. Ukiitundika kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ya nyumba iliyo kwenye daraja la matumizi madogo, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, nyumba hiyo itavuka daraja na kuanza kulipa bei kubwa zaidi kwa kila uniti ya ziada, kisha huenda ikahamishwa daraja kabisa. Mwenye nyumba atakuwa anawasaidia huku anaumia, naye atanyamaza kwa sababu ni jirani mwema, mpaka siku moja asinyamaze. Ombeni mita ya pampu peke yake. Ikishindikana kwa sasa, itundikeni kwenye nyumba ambayo tayari iko daraja la juu, fungeni mita ndogo ya umeme kwenye waya wa pampu, na mumrudishie fedha yake tarehe ile ile kila mwezi.

Mambo mengine ni mepesi. Mlinzi mmoja badala ya wanne, mlipeni vizuri zaidi kuliko alivyokuwa analipwa na mmoja, na mpeni mkataba. Bajaji ya shule ya pamoja. Ngazi moja, toroli moja, jembe mbili. Mashine ya kufulia msinunue mapema.

Hatua ya 6: Andikeni makubaliano, kurasa mbili

Sasa, baada ya kula pamoja na kuchota maji pamoja, mnajua cha kuandika. Mkiandika mapema mtaandika ndoto. Makubaliano yetu yana mambo haya: vitu vya pamoja ni vipi na vimenunuliwa kwa mchango gani; vitu ambavyo si vya pamoja (randa za fundi zimo humo); mchango wa mwezi na siku yake; nani anashika fedha na nani anashika kaunta buku, wasiwe mtu mmoja; wageni na sherehe; muziki mwisho saa ngapi; na namna nyumba inavyojitoa.

Sehemu ya kujitoa iandikeni kwa kirefu kuliko nyingine zote. Sisi tulikubaliana hivi: anayejitoa anatoa taarifa miezi mitatu kabla, anarudishiwa nusu ya alichochangia kwenye vitu visivyohamishika kama tanki na kisima, kwa awamu, na njia ya maji yake haikatwi hadi apate nyingine.

Uamuzi wa kawaida unapitishwa na wengi. Uamuzi wa kugusa ukuta, ardhi au fedha kubwa unahitaji kila nyumba ikubali. Nyumba moja ikikataa, jambo linalala mwezi mzima, kisha linarudi mezani.

Je, muunganishe hati? Hapana. Kila mtu abaki na yake. Kuunganisha viwanja kunafungua mlango wa matatizo ya mikopo, mirathi na talaka ambayo sufuria la makande haliwezi kuyatatua. Kama mnataka haki ya kupita kwenye kijimlango ibaki hata nyumba ikiuzwa, Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya mtu kupita kwenye ardhi ya mwingine, na kwa wenye hati inaweza kusajiliwa. Kwa hilo tafuteni mwanasheria, na afisa ardhi. Wenye leseni ya makazi au karatasi ya mauziano, makubaliano ya maandishi yenye mashahidi ndiyo mnayoyategemea.

Wenza wote wasaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mwenza kwenye nyumba ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani bila idhini yake, na mimi naongeza kwamba ujirani aliousaini mume peke yake mke hana sababu ya kuutunza. Pelekeni nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mbele ya mtendaji, igongwe muhuri. Balozi wa nyumba kumi naye apewe habari.

Usajili wa kikundi unafanyika kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Anzeni kwa afisa wa kata. Mkishaanza kukopeshana, hata kiasi kidogo, mmeingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na usajili si hiari tena. Ushauri wangu: mkitaka vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, viwe na kaunta buku yake na siku yake, mbali na fedha ya maji.

Hatua ya 7: Ondoeni ukuta kipande kwa kipande

Mwaka wa pili sisi tuliondoa mita sita. Mwaka wa nne tukaondoa mita kumi nyingine na kile kichochoro cha panya kikawa uwanja wa watoto, chenye mwembe mmoja na mipapai miwili. Ukuta wa kuelekea nyumba ya kona bado upo wote, na mlango wake. Mama mwenye nyumba anapenda hivyo, na hajapungukiwa kitu.

Kabla ya kubomoa, simameni uani mvua ikinyesha mtazame maji yanakotoka na yanakokwenda. Ukuta mara nyingi unazuia mafuriko bila mtu kujua. Sisi tulipoondoa zile mita sita, mvua za vuli zilipeleka maji ya nyumba mbili moja kwa moja kwenye mlango wa bibi. Tulichimba mfereji usiku kwa tochi. Chimbeni mfereji kwanza.

Matofali mazima yasafisheni. Yanatosha kujengea benchi na jiko la nje.

Hatua ya 8: Mahali pa pamoja penye paa

Msijenge. Kama nyumba mojawapo ina chumba au banda lililo tupu, kikundi kilipange kwa kodi ya kweli, kwa mkataba wa mwaka. Humo mtaweka sufuria kubwa, meza ya watoto kusomea jioni, viti vya misiba. Mwaka ukiisha mtajua kama mnahitaji zaidi. Kodi ilipwe hata kama mwenye nyumba anasema "acheni tu". Hasa anaposema hivyo.

Yakiharibika

Nyumba moja hailipi mchango. Usilisemee kwenye kundi la simu. Anayeshika kaunta buku aende mwenyewe, jioni, aulize kuna nini. Mara nyingi kuna ugonjwa au kazi imeisha. Makubaliano yetu yanaruhusu kulipa kwa kazi: zamu mbili za ziada za kupika, au kusafisha mfereji. Miezi mitatu ikipita bila fedha, kazi wala maelezo, ndipo nyumba zote zikae pamoja naye.

Mpangaji mpya hataki. Hana lazima. Anabaki na nyumba yake, maji yake kwa mita, na mlango unafungwa upande wake. Mwenye nyumba amweleze kabla ya kuchukua kodi, amwonyeshe ua ulivyo. Wengi hujiunga wenyewe baada ya Jumatano mbili tatu za kunusa vitunguu.

Watoto wamepigana. Kanuni tuliyoiandika: mtu mzima yeyote anaweza kuwatenganisha na kuwakanya, hakuna anayemchapa mtoto wa mwenzake. Hii haijavunjwa hata mara moja, na isipokuwepo ndiyo itakayowavunja.

Kuna mmoja anayeamua kila kitu. Kama ni wewe uliyeanzisha, basi ni wewe. Mimi nilishika kaunta buku kwa miaka miwili kabla ya jirani kuniambia, kwa upole, kwamba watu wanaogopa kunipinga. Iliniuma. Niliikabidhi wiki ile ile. Sasa inazunguka kila baada ya miezi sita.

Msiba. Ukuta ulio wazi unafanya nyumba zote nne kuwa nyumba ya matanga, na mfiwa anaweza kukosa mahali pa kunyamaza. Tengeni chumba kimoja kwa ajili yake, na nyumba moja isiyopikiwa wala kukaliwa na waombolezaji, watoto walale humo.

Nyumba imeuzwa. Mwuzaji amwonyeshe mnunuzi makubaliano kabla ya bei, na nyumba zilizobaki zipewe nafasi ya kumleta mtu wanayemjua. Huko Davis nyumba nyingi ziliongezeka kwa njia hiyo, jirani akihama na mtu aliyetaka maisha hayo akichukua nafasi.

Mmegombana kweli, na nyumba moja inataka kujifunga. Fungeni mlango kwa komeo la upande wake, na mwacheni. Mita yake ya maji iendelee kusomwa, fedha yake irudishwe kama ilivyoandikwa, salamu isikatwe. Ila akileta fundi na matofali kuziba lile tundu, mwombeni jambo moja tu, aache fremu na bawaba zake tatu ukutani. Kwetu mlango mmoja ulifungwa miezi kumi na moja. Ulifunguliwa asubuhi ya Idi, na mtoto aliyetumwa kuleta sahani ya biriani.